Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kwa kikundi cha vijana: kuanzia kuunda kikundi hadi fedha kuingia

Maswali ninayoulizwa ni yale yale matatu. Fomu inachukuliwa wapi? Wanatoa shilingi ngapi? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: eti ni kweli hela yenyewe hairudishwi? Mimi si afisa wa halmashauri. Nilikuwa katibu wa kikundi cha kutengeneza sabuni, tukaomba, tukarudishwa mara tatu, tukapata, tukamaliza marejesho. Tangu hapo nimekaa na vikundi vingine vya kata yetu nikiwasaidia makaratasi, kwa hiyo makosa ninayoyataja hapa mengi nimeyaona kwa macho, na baadhi ni yetu.

Nianze na swali la tatu. Inarudishwa. Huu ni mkopo. Nafuu yake ni kwamba hauna riba: mkichukua milioni tano, mnarejesha milioni tano. Fedha inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri yenu wenyewe, yaani ushuru wa masoko, leseni za biashara na mengineyo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya Tanzania, Sura 290, kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato hayo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ilisitisha mikopo hii kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikairudisha 2024 kwa kanuni mpya. Ndiyo maana uhakiki wa sasa ni mkali kuliko ule anaokusimulia kaka yako aliyekopa 2020.

Kutokana na hapo utaona kwa nini hakuna jibu moja la "wanatoa shilingi ngapi". Halmashauri yenye soko kubwa na viwanda ina fungu nono. Ya pembezoni inayoishi kwa ushuru wa mazao ina fungu dogo, na vikundi vinavyoligombania ni vingi. Nendeni mkaulize fungu la vijana la mwaka huu ni kiasi gani. Si siri, ni bajeti iliyopitishwa na madiwani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujainuka kwenda popote

- Watu watano au zaidi, wote raia, wote wametimiza miaka 18, wasio na ajira rasmi. Ukomo wa juu wa umri kwa kundi la vijana umeshabadilishwa kwenye kanuni, kwa hiyo mwulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata unaotumika sasa, msifuate fomu ya zamani mliyotumiwa kwenye WhatsApp.
- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ya kila mmoja. Kadi si lazima iwe imetoka, namba inatosha kuanzia.
- Namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwenyewe. Hii inawakwamisha wengi: laini ya mama, laini ya mpenzi wa zamani.
- Picha ndogo za pasipoti, daftari gumu la mihtasari, daftari la fedha.
- Fedha kidogo ya kwenu wenyewe. Fomu na huduma ya kuomba hazilipiwi, ila nauli, steshenari, kopi na salio la kufungulia akaunti vinalipiwa, na havimsubiri mtu.
- Shughuli. Mkiwa mmeshaanza hata kwa udogo, tayari mko mbele ya nusu ya waombaji.

Hatua

1. Undeni kikundi cha watu mnaojuana madeni.

Simaanishi marafiki. Namaanisha watu ambao unajua akikopa elfu kumi huirudisha lini. Kikundi kinadaiwa kama kikundi, kwa hiyo mmoja akitoweka na sehemu yake, wanne waliobaki ndio watakaoitwa ofisini.

Kosa kubwa la hatua hii ni majina ya kujazia. Mko watatu, mnaongeza shemeji na binti wa jirani "watie saini tu". Siku ya uhakiki wanaitwa, shemeji anaulizwa kikundi kinafanya nini, anaangalia juu. Kuna jingine la kukaa nalo macho: mtu mmoja hawezi kuwa kwenye vikundi viwili vinavyoomba. Majina yanaingizwa kwenye mfumo kwa namba ya NIDA, na yanaonekana.

2. Andikeni katiba yenu, msinunue ya dukani.

Kwenye steshenari nyingi utauziwa katiba ya kikundi iliyoandaliwa tayari. Kata moja nimeona vikundi vinne vyenye katiba moja, na kimojawapo kilisahau kubadilisha jina la kikundi cha mwanzo ukurasa wa sita. Kurasa nne tano zinatosha: jina na anuani, malengo, nani anaweza kujiunga, viongozi na muda wao, vikao, michango na faini, nani anatia saini benki, mtu akijitoa au akifariki inakuwaje, faida inagawanywaje, mkopo unarejeshwaje. Kipengele cha kujitoa kiandikeni mkiwa bado mnacheka pamoja. Baadaye kinaandikika kwa shida.

Mkimaliza, itisheni kikao cha kuipitisha na kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Andikeni muhtasari: tarehe, mahali, waliohudhuria, wasiohudhuria, ajenda, maazimio, saini za wote. Kuanzia hapo kila kikao kina muhtasari. Mihtasari sita iliyoandikwa kwa kalamu sita tofauti, yenye michango iliyolipwa na faini za waliochelewa, inaonyesha kikundi kinaishi. Mihtasari sita yenye wino mmoja na mwandiko mmoja kila mtu anajua iliandikwa usiku mmoja.

3. Pitieni mtaani, kisha kata, kisha mjisajili.

Barua ya utambulisho inaanzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Nendeni na katiba, muhtasari na orodha ya wanachama. Kutoka hapo ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Huyu ndiye mtu wenu muhimu kuliko wote, mpeni heshima yake na msiende kwake kwa mara ya kwanza siku mnayotaka saini. Yeye ndiye anayewaongoza kwenye usajili wa kikundi, na halmashauri ndiyo inayotoa cheti.

Nenda asubuhi. Ofisi za kata nyingi zina afisa mmoja, na mchana yuko uwandani.

4. Fungueni akaunti ya kikundi.

Benki itataka cheti cha usajili, katiba, muhtasari unaotaja watia saini kwa majina, vitambulisho na barua ya utambulisho. Wekeni watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha. Jina la akaunti liwe lile lile la kwenye cheti, herufi kwa herufi. "Vijana Tujitume" na "Tujitume Vijana Group" kwa benki ni watu wawili tofauti.

Kisha itumieni akaunti. Michango yenu ya elfu mbili mbili ipite humo. Akaunti yenye miamala midogo ya miezi mitatu inazungumza vizuri kuliko andiko la mradi la kurasa ishirini.

5. Pigeni hesabu, ndipo muandike andiko.

Hapa ndipo waombaji wengi huangukia, na hapa nitakaa.

Watu huanza na kiasi: "tuombe milioni kumi, wakikata tubaki na tano". Kisha wanatafuta matumizi ya kuifikisha kumi. Anayesoma maandiko mia kwa mwaka anaiona hila hiyo ukurasa wa kwanza. Anzeni upande wa pili: biashara inazalisha nini kwa mwezi, na katika hicho mnaweza kurejesha kiasi gani bila kufa njaa.

Tuchukue kuku wa nyama, maana kila kikundi cha pili kinataka kuku. Bei hizi ni za mfano tu, wekeni za sokoni kwenu. Kundi moja la kuku 500:

- vifaranga 500 kwa 1,700: 850,000
- chakula mifuko 30 ya kilo 50, kwa 72,000: 2,160,000
- chanjo na dawa: 120,000
- maranda na mkaa: 170,000
- usafiri: 100,000

Jumla 3,400,000. Wakifa 25, mnauza 475 kwa 8,000, mnapata 3,800,000. Faida ni 400,000. Kila mtu kwenye kikao anapiga makofi.

Sasa geuzeni karatasi. Kundi moja linachukua wiki tano kukua na kama mbili za kuuza, kusafisha banda na kulipumzisha. Kwa hiyo laki nne hiyo ni ya wiki saba, si ya mwezi. Mkikopa 10,000,000 za kurejesha kwa miezi 24, rejesho la mwezi ni kama 417,000, na kwa wiki saba mnadaiwa zaidi ya 670,000. Mmeshaanguka kabla ya kifaranga wa kwanza kufika. Mkikopa 5,000,000, yaani 1,600,000 za banda na vyombo na 3,400,000 za mzunguko, rejesho la mwezi ni kama 208,000. Kwa wiki saba ni kama 336,000. Inabaki 64,000 ya kugawana watu watano. Inaumiza kuisoma, lakini inalipika.

Na bado hamjamaliza. Bei ikishuka hadi 7,000, kuku wale wale 475 wanawapa 3,325,000: hasara ya 75,000, na rejesho liko pale pale. Andikeni mtafanya nini ikitokea hivyo. Mfano: kuwa na mteja wa uhakika wa hoteli au mama lishe kabla hamjaagiza vifaranga, au kugawa kundi kuwa mawili ya 250 yanayopishana wiki tatu ili msiuze wote siku bei imelala. Nimeona kamati ikipitisha andiko la kurasa tano kwa sababu ya aya moja kama hiyo, na kuliacha lenye picha za rangi.

Gharama zinazosahaulika ni zile zile. Kwenye bodaboda: bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu), leseni ya udereva daraja A, matairi, na siku ambazo pikipiki iko kwa fundi. Kwenye sabuni na vyakula: vifungashio, na alama ya ubora ya TBS mkitaka kuuza zaidi ya mtaani. Mjasiriamali mdogo huanzia na barua ya utambulisho ya SIDO (shirika la viwanda vidogo), na mkiwa huko ulizeni mafunzo yao. Kwenye kilimo: mvua.

Baada ya hesabu, andiko lenyewe ni jepesi. Nyinyi ni nani, mnafanya nini tangu lini, soko liko wapi na nani ameshanunua, mnaomba kiasi gani cha nini, mtarejesha vipi, hatari ni zipi. Ambatanisheni profoma za wauzaji, yaani karatasi za bei kabla ya kununua, zenye TIN (namba ya mlipakodi) na muhuri. Fanyeni kikao cha kuomba mkopo, na muhtasari wake utaje kiasi na kazi ya fedha. Kiasi kwenye muhtasari, kwenye barua ya maombi, kwenye andiko na kwenye mfumo kiwe kimoja. Mara ya kwanza tulirudishwa kwa hili. Muhtasari ulisema milioni nne, andiko milioni nne na laki mbili, kwa sababu mweka hazina alikumbuka mizani usiku wa mwisho.

6. Ingizeni maombi kwenye mfumo.

Maombi yanapitia mfumo wa kielektroniki wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, unaoitwa Wezesha Portal. Unaweza kujaza kwa simu yako, kwenye steshenari, au kwa msaada wa Afisa Maendeleo ya Jamii. Mikopo iliporudi 2024, halmashauri 10 zilichaguliwa kwa majaribio ya kuitoa kupitia benki, yakiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma. Mkiwa huko, ulizeni kwanza utaratibu wa benki husika.

Skani nyaraka zote mapema, ziwe safi na zisomeke. Ukijaza kwa mtu, usiache nywila kwake: anayebaki na nywila yenu anaweza kubadilisha namba ya simu, na taarifa zote zikaanza kwenda kwake. Hifadhi namba ya maombi. Piga picha kila ukurasa.

7. Jiandaeni kwa uhakiki.

Kamati ya kata itapitia maombi, mtatembelewa, na ngazi ya halmashauri itapitia tena kabla ya vikao vya kuidhinisha. Wageni wakija wakute shughuli, daftari na watu. Sisi waliuliza kila mmoja kwa wakati wake: mche wa sabuni mnauza bei gani? Tukatoa bei tatu. Hakuna aliyedanganya, mmoja alitaja ya jumla, mwingine ya rejareja, wa tatu ya mwaka jana. Tulirudishwa. Kaeni kikao, kila mmoja ajue bei, mteja mkubwa ni nani, kiasi kinachoombwa, na rejesho la mwezi.

8. Mafunzo na mkataba.

Vikundi vilivyopita huitwa kwenye mafunzo. Nendeni wote, hata anayejiona msomi. Kisha mkataba. Usomeni kwa sauti, kifungu kwa kifungu, mkiangalia mambo manne: rejesho la kwanza ni lini, ni kiasi gani kila mwezi, linalipwa kwa njia gani, na mkichelewa inakuwaje. Kama fedha ya kwanza ya biashara yenu inaingia baada ya wiki saba na rejesho la kwanza ni baada ya wiki nne, semeni hapo hapo, kabla ya saini. Baada ya saini ni malalamiko.

9. Siku fedha inapoingia.

Msiigawane. Najua inasikika kama jambo la wazi, lakini hii ndiyo sababu namba moja ya vikundi kufa: milioni tano inaingia, watu watano, milioni moja moja, kila mtu na lwake. Nunueni kilichoandikwa, kwa muuzaji mwenye risiti, wakiwepo wawili. Risiti zote faili moja. Rejesho la kila mwezi liwe la kwanza kutoka, kwa namba ya malipo mtakayopewa, kamwe si kwa simu ya mtu. Stakabadhi nayo ipigwe kopi, kwa sababu wino wake hufutika.

Mkikwama

*Mfumo unakataa namba ya NIDA.* Mara nyingi majina au tarehe ya kuzaliwa havifanani na vya NIDA. Jaza kama NIDA ilivyoandika, hata kama imekosea jina lako, kisha shughulikia marekebisho pembeni. Ukisubiri marekebisho kwanza, utakosa awamu.

*Maombi yamekaa miezi hayasogei.* Ingia kwenye mfumo uone yako ngazi gani, kisha uende ngazi hiyo na namba ya maombi. "Mkopo wetu vipi?" haina jibu. Ukitaja namba na tarehe uliyotuma, atafungua aangalie. Kama bado, mwoneni diwani wa kata yenu, anakaa kwenye vikao vya halmashauri.

*Mmekataliwa.* Ombeni sababu, iandikwe. Nyingi ni za nyaraka na zinarekebishika kwa awamu inayofuata. Kama sababu ni fungu kuisha, msiandike andiko jipya, endelezeni shughuli na vitabu, mje na miezi mingine ya kumbukumbu.

*Mmepewa pungufu ya mlichoomba.* Msitekeleze mradi ule ule kwa nusu ya fedha. Rudini kwenye hesabu ya hatua ya 5, punguzeni kuku, pangeni upya rejesho, na mpeleke mpango mpya kwa afisa kabla ya kununua chochote. Mkiona haulipiki, mnaruhusiwa kukataa mkopo.

*Mwenzenu anajitoa au amepata ajira.* Kikao, muhtasari, barua yake ya kujitoa, taarifa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, na mabadiliko benki kama alikuwa mtia saini. Ikitokea kabla ya mkopo, hakikisheni hamjashuka chini ya watano. Ikitokea baada, fungueni kile kipengele cha katiba.

*Biashara imeyumba, rejesho la mwezi huu halipo.* Nendeni ofisini kabla ya tarehe, na daftari mkononi, mkiwa na kiasi chochote mlichonacho. Kikundi kilichokwenda chenyewe kinapangiwa upya mara nyingi kuliko kinachotafutwa kwa simu zilizozimwa.

*Mtu amewapigia anasema maombi yamepita, tumeni elfu hamsini ya "kufungua faili".* Kateni simu. Akiwa ni mtu wa ofisini kweli na anataka chake ndipo apitishe, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapokea simu bure kwa 113. Andikeni tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, kwenye daftari lile lile la mihtasari, halafu mpige.